Kiti Kimoja Kuala Lumpur

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake iko wazi: anayekitaka kitu kwa dhati hukubali taabu ya kukifikia. Hawakusema aite fundi akinyanyue kitanda, wala hawakusema aunde kamati. Lakini wapo watu ambao migongo yao haikunjiki kabisa, na mmoja wao alikuwa Onesphore wa kijiji cha Litapunga, mkoani Katavi.

Onesphore alikuwa kaka wa marehemu mume wa Ernestine. Ernestine mwenyewe alikuwa mkulima wa mahindi, mjane wa miaka hamsini na miwili, mwenye macho makavu na jibu tayari mdomoni. Binti yake wa pekee, Emelyne, alikuwa akimalizia masomo ya uuguzi Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, kwa ufadhili. Miaka minne hawakuwa wameonana. Mwezi wa Juni binti alipiga simu kusema kwamba mahafali yangefanyika Novemba, na kila mhitimu alitengewa viti vya wazazi ukumbini.

"Mama, wenzangu wote wana watu wa kuja," alisema Emelyne. "Usipokuja, viti vyangu vitakaa vitupu."

"Kimoja nitakikalia," Ernestine alijibu, ingawa maishani mwake hakuwahi kuvuka Tabora.

Ukoo ulipopata habari, Onesphore aliitisha kikao. Alisimama na koti lake la harusi akatangaza kwamba wangekwenda watu watatu, yeye akiwa kiongozi wa msafara. Wangelala hoteli yenye hadhi. Kabla ya kuondoka ingefanyika sherehe ya kuagwa, yenye muziki, pilau na viti vya kukodi. Ernestine angetoa fedha za mahindi yake ziwe msingi, na wengine wangechangia.

"Na zisipotosha?" Ernestine aliuliza.

"Tutaahirisha, muramu," alijibu Onesphore, akimwita shemeji kwa Kirundi chao. "Emelyne atatuelewa. Sisi tuliokuja wakimbizi kutoka Burundi, uraia tumeupata juzi tu. Tukienda huko kama ombaomba, watu watasema nini?"

Ernestine aliinuka. "Mahafali hayaahirishwi, muramu. Na pasipoti nitakayopewa ni ileile ya Mtanzania yeyote. Hela hizi zinamtosha mtu mmoja anayekubali kuinama. Nyie fanyeni sherehe yenu, mimi naenda kwa mwanangu."

"Basi ukoo usiutegemee tena!" alifoka Onesphore.

"Siutegemei."

Jumatano iliyofuata alikwenda Mpanda mjini kwa rafiki yake Zuleha, muuza samaki wa migebuka sokoni, mwanamke wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyekwisha kwenda China mara mbili kufuata vitenge. Zuleha aliposikia habari za msafara alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafuta mikono na kuanza somo.

"Ndege siyo basi la Sumbawanga, dada, kwamba nauli ni ileile leo na kesho. Ukikata tiketi mapema, ya katikati ya wiki, tena ile inayokulaza njiani, unaokoa hela nyingi. Na hoteli achana nayo. Chukua kitanda cha deka kwenye chumba cha wasichana wanane. Utaweza?"

"Nimekua tukilala watoto tisa mkeka mmoja. Hao wanane watanifanya nini?"

Mwezi wa Julai pasipoti ilitoka, na tiketi ikakatwa wiki hiyohiyo. Tangu hapo Ernestine alijifunga kibwebwe. Hakununua gauni wala viatu. Jioni alikaa na wanafunzi wa jirani akijifunza kuuliza njia kwa Kiingereza, na hakuona haya walipomsahihisha. Alikausha viazi vitamu vikawa michembe ya kula safarini, na hapo ndipo wanawake wa kijiji walipopata cha kusema.

"Eti anaenda Ulaya na michembe!"

"Siyo Ulaya, ni Asia," aliwajibu bila kusimama. "Someni ramani kwanza, ndipo mnicheke."

Kamati ya msafara aliyoiunda Onesphore nayo haikulala. Ilikaa vikao vitatu, na kila kikao kilichinja mbuzi. Michango ikaishia chunguni. Oktoba walipouliza nauli, ilikuwa imepanda maradufu, na kamati ikafa bila hata matanga.

Ernestine alipanda treni ya daraja la tatu pale Mpanda, peke yake, bila muziki wala pilau. Dar es Salaam alilala kwenye hosteli ya kanisa. Njiani, katika uwanja wa ndege wa ugenini, alisubiri kwa muda wa saa kumi na moja, akatandika kitenge sakafuni kando ya watu wenye masanduku ya magurudumu, akala michembe yake. Mgongo ulimuuma na woga ulimshika, hilo hakulificha baadaye. Hata hivyo hakujuta.

Siku ya mahafali alikikalia kiti chake. Ukumbi ulikuwa wa heshima zake: jina linasomwa, watu wanapiga makofi mepesi, basi. Jina la Emelyne liliposomwa, Ernestine alisimama wima akapiga vigelegele vya Litapunga, virefu, mpaka maprofesa wakageuza shingo. Mhudumu mmoja alimpungia mkono akae. Ernestine alimtazama, akavuta pumzi, akapiga tena. Jukwaani Emelyne alicheka na kulia kwa pamoja, akainua cheti chake juu kumwelekea mama yake.

Picha zilipofika Katavi, Onesphore aliandika kwenye kundi la simu la ukoo: "Tunamshukuru Mungu, ukoo wetu umewakilishwa vizuri Malaysia."

Ernestine alisoma, akaandika kwa kidole kimoja: "Hapana, muramu. Nimekuja mwenyewe."

Wote walijua nani aliyekunja mgongo na nani aliyeukaza. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.