Chuma Chini ya Boneti

Wapendwa, leo nawapeleka gereji, basi nifuateni taratibu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa milimani, huko kwenye kona juu ya kona kama kwetu. Alikuwa na gari dogo kuukuu, na mama yake mzazi alikuwa anapoteza macho. Hospitali iko bondeni, na daktari alikuwa ameshasema mama aletwe kabla giza halijatanda kabisa.

Lakini mama alikuwa amelipanda gari lile mara moja tu. Kona ya kwanza likalala huku, ya pili likalala kule. Akashuka, akarudi kwa miguu.

"Mwanangu, heri nipofuke nikiwa hai."

Maneno hayo yalimchoma kijana. Akanunua tairi mpya, gari likayumba. Akabadilisha springi na shokapu, likayumba vilevile. Ndipo akafanya lile tunalofanya sisi watu wa milimani: akajaza mchanga kwenye gunia, akalitupia kwenye buti, eti uzito utalituliza. Mnainama nini? Si mnayo magunia hayo kwenye buti zenu! Kwenye tambarare likatulia kweli. Kwenye kona mkia ukachomoka, nusura alale kwenye migomba ya watu.

Akaenda kwa fundi, amekata tamaa. "Fundi, niliuze tu?"

Fundi akafungua boneti, akalitikisa gari huku na huku. "Tairi nzima, springi nzima. Bodi ndiyo iliyolegea. Upande huu una nguvu zake, na ule una zake, ila mkifika kwenye kona kila upande unakwenda kivyake."

Akalaza chuma kimoja kutoka kichwa cha shokapu ya kulia mpaka cha kushoto, akakaza nati.

"Basi?"

"Basi. Mchanga wako kamwage. Na mwendo upunguze, bwana!"

Kesho yake kijana akambembeleza mama: mpaka kona ya kwanza tu. Mama akapanda, ameshikilia kiti kwa mikono miwili. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili nayo ikapita. Kijana akakanyaga breki. "Nikushushe, mama?"

"Unishushe wapi? Endesha, unanichelewesha kwa daktari!"

Mnacheka. Haya, sasa tufungue boneti yetu.

Kwaya kuu mko upande huu, kwaya ya vijana mko ule. Nani anaimba vibaya hapa? Hakuna! Lakini kwenye msiba wa majuzi mliimba nyimbo mbili kwa wakati mmoja, juu ya jeneza moja. Kanisa likiyumba sisi tunafanyaje? Tumenunua spika. Tumepaka rangi. Mmeleta hata mchungaji mpya, ndiye mimi. Je, tumetulia?

Yule mjane wa marehemu hajakanyaga hapa tangu siku ile. Jana nilikwenda kwake. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mchungaji, nikiingia mle nitaanguka."

Iliniuma, ndugu zangu. Ila sikukata tamaa, kwa sababu nawajua. Hatuhitaji kanisa jingine wala waimbaji wengine. Tunahitaji kushikana, upande kwa upande, hasa kwenye kona, maana kwenye tambarare kila mtu ni mtakatifu.

Kwaya kuu, simameni. Vijana, simameni. Vukeni mkutane hapa katikati, chagueni wimbo mmoja. Ibada hii tutaimalizia mlangoni kwa yule mjane.