Zawena na Nondo wa Bustani ya Wakfu

Wametuhadithia waliotutangulia ya kuwa katika mji wa Zabarijadi alitawala Sultani Ghassani bin Muhaymini, mtu karimu wa mkono na mwepesi wa hasira, na marehemu babake alikuwa ameacha bustani ya mikungu, wakfu kwa watu wote, wagonjwa wapunge upepo humo na watoto waokote kungu. Mwaka mmoja nondo wakaishukia bustani ile wakataga, na viwavi wakatoka wakayala majani, na manyoya yao yakawawasha watu ngozi mpaka hakuna aliyethubutu kukaa kivulini. Na kivuli chenyewe kilikuwa wapi?

Sultani akatoa hazinani pete iliyomfunga jini Samhari, ambaye pumzi yake ni sumu, akataka kumwamuru aivuvie bustani. Hapo Zawena, binti wa muuza manukato, akamwangukia miguuni akamsihi asifanye, kwani pumzi ile haichagui: itaua nyuki na ndege, na sumu itabaki katika kungu wanazookota watoto. Sultani akaghadhibika kwa kupingwa mbele ya baraza.

"Basi itwae pete wewe," akasema. "Ina amri moja tu. Nikiona kiwavi msimu ujao, shingo yako itakatwa chini ya mkungu."

Zawena akaitwaa pete akatoka. Yeye na wanawake wa mtaa wakajifunika nguo, wakakwangua tando za viwavi, wakazitia motoni. Na Badrudini, mwana wa Sultani, akaja kuwasaidia bila kuitwa, akawashwa hata akavimba macho, na kesho yake akarudi. Lakini waliopona matawini juu wakageuka nondo.

Zawena alikuwa amemfungia nondo jike katika kisanduku cha udi apate kumchunguza, na magharibi ilipoingia nondo dume wakakizingira kisanduku, hawafukuziki. Binti wa muuza manukato hafunzwi harufu. Akajua kuwa dume humfuata jike kwa harufu yake. Na mtaa mzima ukifukiza udi wa arusi, bwana arusi atabisha hodi mlango gani?

Akaisugua pete. Jini akasimama mbele yake, mrefu kupita minara, akamrai amwache avuvie pumzi moja tu, na shingo ya binti isalimike. Asikudanganye mtu, Zawena alitamani; aliipapasa shingo yake, akalia. Kisha akasema:

"Ewe Samhari, nakuamuru uikusanye harufu ya nondo jike, uitundike katika kila mti wa bustani."

"Mimi niliyebomoa ngome za wafalme," akasema jini, "leo niwatie nondo manukato?"

Lakini amri ni amri. Akatenda, akanuna, akaenda zake.

Jioni ile nondo dume wakaruka kwa wingi usiopata kuonekana, wakihangaika mti hata mti, na baada ya hapo mayai yakaonekana yametapakaa mashinani. Sultani akadhani amechezewa. Akamfunga Zawena mkunguni kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza upanga.

"Bwana wangu," akasema Zawena, "hata jikoni mwako wanajua: yai la kuku asiyeona jogoo halitoi kifaranga, hata liatamiwe vipi. Yangoje mayai haya yatimize siku zake. Wakitoka viwavi, nikate."

Sultani hakumsamehe wala hakumkata. Akamwacha kambani, mwenye upanga kando, na Badrudini akimnywesha maji na kumkinga jua kwa kilemba chake. Kila asubuhi watu wakaja kuyatazama mayai. Siku za kuanguliwa zikafika, zikapita, na mayai yakanywea yakawa vumbi, na mikungu ikaanza kuchipua.

Sultani akaenda kumfungua, na fundo alilolikaza mwenyewe likamshinda kwa vidole, ikambidi apige magoti alifungue kwa meno mbele ya raia zake. Akaomba radhi. Zawena hakumwambia kuwa si kitu.

"Kamba iliniuma, bwana wangu," alisema, na Sultani akalia.

Zawena akaolewa na Badrudini kwa arusi iliyolisha mji mzima, akapewa mali isiyo kifani, na mahari aliyoitaka yeye ni kwamba sumu isiingie bustanini humo milele. Na ninyi mnaopenda kusema dawa ya moto ni moto, kamwambieni hayo Sultani Ghassani, aliyeonja kamba kwa meno yake.