Tanuri Lililoachwa Nusu

Mbacha ni mkeka mkuukuu. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Wahenga waliona kwamba mtu huudharau mbacha kwa kuwa ni wake, akautamani msala wa mpita njia, ambaye punde ataukunja aende zake. Hija wa Kunduchi alikuwa mtu wa namna hiyo.

Hija alikuwa fundi wa kupanga tanuri la chokaa la Bi Mwamvita, mjane wa maneno machache. Hakuna aliyemshinda kupanga magogo na matumbawe yakaungua sawasawa. Ujira ulikuwa mdogo, lakini haukukatika hata masika, mvua ilipozima kazi na watu wakashinda bandani wakisuka vikapu.

Mwaka 1957 serikali ya Waingereza iliweka kima cha chini cha ujira mjini Dar es Salaam, kikihesabiwa kwa saa. Kunduchi haikuwemo. Habari zilimfikia Hija tanuri likiwa limepangwa nusu. Akanawa mikono, akamwendea Bi Mwamvita.

"Mama, naenda mjini. Huko saa moja ya kazi ina bei yake."

"Na mvua, mwanangu, ina bei?"

Hija akacheka. "Mvua ya Mungu, mama, saa za serikali!"

"Basi ngoja tulichome hili kwanza."

"Mwenye safari hangoji moshi."

Akapata kazi ya ujenzi Temeke, akawa anatembea kifua mbele kama jogoo. Lakini mkandarasi, alipoona ujira umepanda, alipunguza watu, akawabana waliobaki wamalize kwa saa chache kazi ya kutwa. Hakuvunja sheria: ilipanga bei ya saa, haikupanga idadi yake. Masika yalipoingia, saa zenyewe zikakoma.

"Rudini jua likiwaka," msimamizi alisema, akafunga lango.

Hija alirudi Kunduchi ametota chapachapa. Bandani, mahali pake, alimkuta Revelian, mtu wa Bukoba, akisuka kikapu.

"Shikamoo, mama. Nimerudi kazini."

"Marahaba. Kazi ipi, mwanangu? Tanuri uliloliacha alilimaliza huyu, akaungua vidole akijifunza."

"Lakini mie ndiye fundi wako!"

"Najua, wala sikukufukuza. Sasa Revelian nimfukuze kwa kosa gani?"

Hija alilitafuta kosa hilo, asilione. Bi Mwamvita akampakulia wali katika sahani ya peke yake, kama apakuliwavyo mgeni. Wenzake wa zamani walikula pamoja katika sinia, nao hawakumwita.

Usiache mbachao kwa msala upitao.