Mshika Mkwiro Haulizwi

Nani kati yenu hajawahi kumchekea aliyemliza? Ainue mkono.

Hakuna? Nyote kimya? Haya basi, hadithi hii ni yenu. Msije mkasema nimewasengenya.

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Na wale waliolala njaa nao waitikie. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana runinga ilikuwepo, palikuwa na bonde. Katika bonde palikuwa na mto. Kando ya mto palikuwa na mkuyu, umeinama, matawi nusu nchi kavu, nusu juu ya maji. Matunda yake yakiiva yalidondoka. Majini, chubwi! Nchi kavu, pa! Kila mnyama alikula. Hakuna aliyeuliza mti ni wa nani.

Mkuu wa mto alikuwa Kiboko. Mheshimiwa Kiboko, ukisahau hilo "Mheshimiwa" utajua hujui. Mwili kama lori, mdomo kama mlango wa gereji.

Mwaka mmoja mvua ikakataa kuja. Nyasi zikakauka. Mkuyu peke yake ukabaki na matunda. Basi Kiboko akatangaza: mkuyu umefungwa, unafanyiwa ukarabati. Ukarabati wa mti, jamani! Mti unakarabatiwa na nani, fundi bomba? Akaweka mbwa mwitu walinde. Ukikaribia, wanakuambia, "Rudi, bana, mradi unaendelea." Wenye njaa wakaenda hivyo hivyo. Wengine walirudi. Wengine hawakurudi.

Sasa kuna ndege anaitwa Hondohondo. Mila yake mnaijua? Mke akitaka kutaga huingia katika tundu la mti, na mlango huzibwa kwa udongo. Hubaki ufa tu, upana wa mdomo wa mume. Mke hatoki. Mume huleta chakula, hugonga: tok, tok, tok. Mke hutoa mdomo, hula. Ndoa nzima inapita kwenye ufa ule. Wewe unayeficha simu mezani, unaielewa imani ya namna hiyo?

Bi Hondohondo alikuwa ndani, mayai chini ya kifua. Mumewe aliitwa Chengo.

"Mama watoto," Chengo akasema pale ufani, "huku nje kumekauka kabisa. Naenda mkuyuni."

"Si kuna mbwa?"

"Mbwa hawaruki, mke wangu."

Akacheka. Akaenda.

Bi Hondohondo akangoja. Jua likapanda. Jua likashuka. Hakuna tok. Akangoja tena. Upepo ukitikisa tawi, anatoa mdomo. Ni upepo. Jani likigusa gome, anatoa mdomo. Ni jani. Mayai yakapoa. Mwishowe akaanza kuugonga udongo mwenyewe, kutoka ndani. Tok. Tok. Tok. Mlango ukabomoka, akatoka amekonda, macho yanaumwa na mwanga.

Chini ya mti alimkuta Mama Ngiri analia. Mwanawe wa kwanza naye alikwenda mkuyuni.

"Wanasema matawi yalipakwa ulimbo," Mama Ngiri akasema. "Wanasema na chini kulichimbwa mashimo."

"Wanasema. Nani ameona?"

"Hakuna aliyeona, dada."

Wakalia pamoja. Hiyo ndiyo siku Bi Hondohondo alipata rafiki. Ikumbukeni.

Katika bonde lile matanga hayawekwi bila kitu cha marehemu. Mfupa, ukucha, hata unyoya mmoja. Bila unyoya huruhusiwi kuomboleza, na bila kuomboleza huruhusiwi kumaliza. Si mke, si mjane. Bi Hondohondo hakutaka makubwa. Alitaka mtu mmoja aseme Chengo yuko wapi. Alitaka unyoya.

Wanyama nao walikasirika. Wueh, walikasirika kweli! "Kiboko aende! Kiboko ajibu!" Nyumbu walipiga kwato. Tumbili walirusha maganda. Baraza likaitishwa: mwezi ukipevuka, Kiboko atasimama mbele ya bonde zima, ataulizwa.

Kiboko akasema, "Nitakuja. Kwa nini nisije? Lakini kabla ya baraza kuna mashindano ya ngoma. Na mimi nimejiandikisha."

Wanyama wakatazamana. Kiboko? Acheze?

Hapa nieleze. Kila mwaka bonde lilishindania mkwiro, kile kijiti cha kupigia ngoma kuu. Wachezaji hucheza kwenye runinga, Kasuku akitangaza, na kila mchezaji ana kibuyu chake. Unayempenda unamtilia kokoto. Kibuyu kikijaa kuliko vingine, mwenyewe anakabidhiwa mkwiro hadi mvua nyingine. Na wazee wa zamani waliacha mila: mpiga ngoma akikatizwa kwa swali, mvua hukimbia. Kwa hiyo mshika mkwiro haulizwi. Haulizwi chochote, na yeyote, msimu mzima.

Hebu itikieni tuone kama mmeshika. Mshika mkwiro?

— Haulizwi!

Vizuri. Mnajifunza haraka mambo ya kipumbavu.

Siku ya kwanza Swala alicheza. Alicheza kama maji yanayomiminwa. Wanyama wakapiga makofi ya adabu, pa, pa, pa. Akaingia Kiboko. Amevaa sketi ya matete. Sketi, jamani! Kiunoni njuga. Akaimba mwenyewe:

"Ndu-ndu-ndu, ardhi nipishe,
Mwili ni wangu, acha nitikise!"

Akatikisa. Ndu! Ndu! Runinga ikayumba. Akageuka, akateleza, akaenda chini, puuu! Matope yakamrukia Kasuku mpaka kwenye kishungi. Bonde likaangua kicheko. Nyumbu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Ngiri alicheka machozi yakamtoka.

"Aki huyu mzee ni komedi," akasema, akaokota kokoto.

Bi Hondohondo akamtazama. "Mama Ngiri, unafanya nini?"

"Ni moja tu, dada. Ya kicheko. Swala ndiye atashinda, kila mtu anajua. Hebu niache nicheke, tangu mwanangu apotee sijacheka."

Bi Hondohondo akaitazama kokoto ikiingia kibuyuni.

Siku ya pili Kiboko alilia. Alisimama mbele ya kioo cha runinga, miguu imevimba, akasema, "Mnaniona mkubwa. Lakini na mimi naumia. Na mimi nina moyo." Chozi likashuka, kubwa kama embe. Bonde likasema, "Woi."

Na maneno yakabadilika. Yalibadilika mbele yetu, hakuna aliyeyashika mkono kuyazuia.

"Mnajua, tulimwonea kidogo," akasema Nyumbu.

"Mtu mbaya hawezi kucheza vile," akasema Tumbili. "Angalia kiuno."

"Na Chengo?" akauliza Bi Hondohondo. "Na mtoto wa Ngiri?"

"Ai, dada, mambo ya mkuyu ni siasa. Hii ni burudani. Usituletee siasa kwenye ngoma."

"Mimi? Nani amemleta mkuu wa mto kwenye ngoma?"

"Unaona sasa! Una kisirani. Tafuta hobi."

Wakaanza kumkwepa. Akitua tawi hili, waliopo wanahamia lile. Akifungua mdomo, mtu anasema, "Haya, ameanza." Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemfukuza. Walimwachia nafasi tu, nafasi kubwa, yeye katikati. Jioni alirudi kwenye tundu lake, akaziba mlango kwa udongo, akaacha ufa. Upana ule ule. Akalala mdomo karibu na ufa.

Siku ya mwisho bonde lote lilijaa. Vibuyu viko mbele, vinasubiri kokoto za mwisho. Kiboko akaingia na sketi mpya. Kabla njuga hazijalia, Bi Hondohondo akaruka, fwaa! Akatua katikati ya uwanja, mbele ya kioo, chini ya pua ya Kiboko.

Kasuku akanong'ona, "Dada, tuko laivu. Toka kwenye kioo."

"Bado hajashika mkwiro," akasema Bi Hondohondo. "Mila inaniruhusu." Akainua kichwa. "Mheshimiwa. Mume wangu Chengo yuko wapi?"

Shingo zote zikanyooka. Kiboko akamtazama. Mdomo ukafunguka kidogo, kama wa mtu anayetaka kusema. Mama Ngiri akasimama kule nyuma. Mdomo ukafunguka zaidi. Bi Hondohondo akasogea, asikose neno.

Halafu Kiboko akapiga mguu. Ndu!

"Ndu-ndu-ndu, ndege nipishe,
Mume ni wako, acha nitikise!"

Akamzunguka. Akatikisa kiuno kushoto, akatikisa kulia. Bi Hondohondo akaruka huku, Kiboko yuko huku. Akaruka kule, Kiboko yuko kule. Kwenye kioo ilionekana wanacheza wawili. Kasuku akapaza sauti, "Jamani! Mheshimiwa amekuja na mwenzake! Hii sikuambiwa!"

Bonde likapasuka kwa kicheko. Katikati ya kicheko hicho Bi Hondohondo akasikia kimoja anachokijua, kile cha kukoroma mwishoni. Akakitafuta kwa macho. Mama Ngiri amejishika mbavu.

Kokoto zikaruka. Kwachakwacha, kwachakwacha! Kibuyu cha Kiboko kikajaa. Kikafurika. Kikapasuka. Cha Swala kilikuwa na kokoto chache, za mama yake na za jamaa zake.

Wanyama wakatazamana.

"Kwani wewe ulimtilia?"

"Moja tu. Ya kicheko."

"Hata mimi. Nilidhani nyinyi mtampa Swala."

"Nasi tulidhani wewe."

Mkwiro ukakabidhiwa. Kiboko akaupokea kwa mdomo, akapiga ngoma kuu mara moja, duuum. Mwezi ukapevuka. Baraza halikukaa. Mshika mkwiro?

— Haulizwi!

Naona sauti zimepungua.

Asubuhi yake Mama Ngiri aliamka, kicheko kimekwisha tumboni, mtoto bado hayupo. Akaenda mtoni. "Mheshimiwa, nilikuja tu kuuliza, yule mwanangu..." Mbwa mwitu wakamzuia kwa upole. Walikuwa wapole siku hizi. "Mama, si unajua mila? Na hata wewe tulikuona kwenye kioo, ukicheka vizuri."

Akaja mpaka chini ya mti wa Bi Hondohondo.

"Dada."

Akaligusa shina kwa pua.

"Dada, nilitia moja tu."

Kutoka ndani, kupitia ufani, sauti ikaja ndogo. "Nilikisikia kicheko chako, Mama Ngiri. Nilikitambua. Tulipolia pamoja nilidhani nimeyajua machozi yako yote."

"Nisamehe."

"Mimi sina cha kukusamehe. Mwulize mwanao." Kisha akasema, "Nenda. Nangoja mtu."

Mama Ngiri akaenda, mkia umesimama, kichwa kiko chini. Ndani ya tundu Bi Hondohondo akasogeza mdomo kwenye ufa. Upepo. Jani. Akawaza. Mila inakataza mshika mkwiro kuulizwa. Haikatazi kuuliza hewa.

Basi jua lilipofika utosini akatoka, akatua kwenye tawi kavu, akaelekea mtoni, akauliza kwa sauti yake yote, bila kumtaja mtu: "Yuko wapi? Yuko wapi? Yuko wapi?" Kesho yake tena. Na kesho yake. Hakuna aliyekuja kuuliza naye.

Ndiyo maana mpaka leo hondohondo hulia kwenye jua kali. Watu husema anaita mvua. Haiti mvua. Na ndiyo maana Kiboko hushinda majini mchana kutwa, pua na macho tu nje, na sauti ile ikianza anazama, bluu-bluu-bluu. Haulizwi, lakini masikio anayo.

Funzo lenyewe ni hili, nalisema wazi ili asiwepo wa kusema hakuelewa: kumchekea aliyewaumiza wenzako ni kumpa kura. Na msamaha wa mwenye msiba haugawiwi na mwingine, hata kwa utani, hata kokoto moja.

Yangu ya kusimulia yameishia pale kwenye tawi kavu. Anayeweza kuyaongeza si mimi. Lakini msiinuke bado. Mshika mkwiro?

...

Mbona mmenyamaza? Ni sawa. Hicho kimya ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo.

Sasa nyinyi mlioshika mkwiro, nyinyi wa sketi za matete na machozi ya runinga, mnaojua mliwaweka wapi waliokwenda mkuyuni. Wekeni mkwiro chini. Rudisheni baraza. Semeni walipo, mmoja mmoja, kwa majina yao. Kama kuna mfupa, leteni mfupa. Kama umebaki unyoya, leteni unyoya. Msituchezee tena. Jibuni.