Pipa la Bwana Nyati

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa pipa.

— La nani?

La Nyati. Sogeeni, niwamwagie yaliyomo.

Hapo kale, kale sana, mwaka wa ukame, Nyati alikuwa na shamba kubwa la mtama. Punda alibeba mizigo. Ndege Kanga alilinda: nguruwe mwitu wakitokea, yeye hupiga kelele, Nyati akaja na pembe zake.

Siku moja Nyati akasema, "Majirani wana kiu. Tuwasaidie."

Punda akabeba pipa la maji hadi kwa Digidigi. Ngoma zikalia. Kanga akaimba, "Bwana wetu, bwana mwema!" Akarudi shambani, akalinda mpaka koo likavimba.

Punda akabeba pipa hadi kwa Tumbili. Ngoma zikalia. Kanga akaimba, "Bwana wetu, bwana mwema!" Akalinda hata siku yake ya kupumzika.

Punda akabeba pipa hadi kwa mama yake Kanga. Ngoma zikalia. Safari hii Kanga alishindwa kuimba, akalia kwa furaha. "Mama, wadogo zangu watapona!" Akalinda mpaka akasahau kula.

Alipopata ruhusa, akaenda kwao. Pipa halipo. Mama anachokora tope kavu. Kitindamimba amekwisha kufa.

"Wageni waliokuja na ngoma walipoondoka, mwanangu, waliondoka nalo."

Kanga akamwendea Punda mbio.

"Kaka Punda, pipa letu liko wapi?"

"Lenu? Pipa ni moja tu, dada. Mgongo wangu unalijua. Kwenda na ngoma, kurudi kimya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unaimba."

Nguruwe wakaja. Kanga akawaona, akafumba mdomo. Wakala mtama, wakavunja mabua, wakaondoka wamevimbiwa.

Nyati akafoka, "Mlinzi gani wewe! Mbona hukulia?"

"Nililia, bwana. Nililia siku ya kumzika mdogo wangu. Hukusikia?"

Nyati akamfukuza. Akatafuta mlinzi mwingine, asipate. Habari za pipa zilikwisha kuenea. Njaa ikaingia kwake, ikaingia kwa Punda, ikaingia kwa Kanga pia.

Wenzangu, anayetoa ili apigiwe ngoma, kisha akanyang'anya, huwanyang'anya hata watumishi wake moyo wa kazi. Na moyo huo haurudi kwa ngoma.

Hadithi yangu imekauka hapa. Mwenye maji, ampelekee mama Kanga.