Jiwe la Njia

"Ukiokota jiwe la njia, njia nayo itakuokota." Ndivyo mama yenu alivyomkanya ndugu yenu Sigala asubuhi, alipotaka kubeba lile jiwe zuri la kule mlimani, nanyi mkacheka. Sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Vizuri. Mtu asiyeuliza hubaki na masikio matupu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, barabara ya Ukinga ilipokuwa bado ya udongo, palikuwa na seremala aitwaye Tweve. Alipofanya kazi ya madaraja, fundi mmoja Mjapani alimfundisha mchezo wa kwao, igo. Huchezwa kwenye ubao wenye mistari inayokatana. Mmoja ana mawe meusi, mwenzake meupe, nao huyaweka kwa zamu penye makutano ya mistari. Jiwe likishawekwa halisogezwi. Likizingirwa pande zote nne limekufa, na adui huliondoa. Tweve hakuwahi kushindwa, na alipenda watu walijue hilo.

Mwaka mmoja alikuwa akimpeleka mkewe Atupele kwao Tukuyu, akajifungulie kwa mama yake. Walipanda lori la viazi la Chaula, pamoja na Ambakisye, kaka yake Atupele, na bibi mmoja muuza pareto aliyekuwa na kikohozi. Kileleni rejeta ikachemka. Chaula akachukua ndoo akashuka kijitoni. Bibi akajifunika blanketi kando ya barabara. Atupele, ambaye miguu ilikuwa imemvimba, akaenda kujinyoosha nyuma ya lori.

"Shemeji, toa ubao," alisema Ambakisye. "Leo utakula vumbi."

"Wewe? Kalime viazi kwanza."

Lakini mfuko wa mawe meupe ulikuwa umetoboka njiani, na mengine yalikuwa yamepotea. Hapo kileleni palikuwa na rundo la mawe. Kila msafiri aliyepita aliongeza lake, akiiomba njia imfikishe salama. Tweve akachagua matatu meupe.

"Baba, hayo ni mawe ya watu," Atupele alimwambia, akichungulia kutoka nyuma ya lori.

"Watu gani? Mlima huu una watu?"

Wakaanza. Ukungu ukapanda kutoka bondeni, mzito, ukalifunika lori. Waliendelea kusikia mpini wa ndoo ya Chaula ukigonga, kling, kling, akirudi. Ambakisye akalizingira jiwe la kwanza la rundo. Kwa majivuno akalirusha bondeni.

Ndoo ikanyamaza.

Hawakujali. Ambakisye akala jiwe la pili, akalitia kofiani. Bibi alikuwa katikati ya kukohoa, na kikohozi kikakatika kama uzi.

"Bibi?" aliita Tweve. Alinyoosha mkono akaligusa blanketi. Lilikuwa na joto, na ndani hamkuwa na mtu.

"Amekwenda kujisaidia," alisema Ambakisye, macho yake ubaoni. Jiwe la tatu alikuwa amelifunga pande tatu. "Shemeji, nikiweka hapa umekwisha. Sema kwaheri."

Ndipo sauti ya Atupele ilipotoka ukunguni, ndogo, kana kwamba yuko mbali sana.

"Baba, mbona njia imefungwa? Huku kumefungwa. Na huku. Nyuma pia. Nimebakiwa na upenyo mmoja tu."

Tweve akautazama ubao. Akalishika lile jiwe la tatu, akaling'oa.

"Unaiba!" Ambakisye alimkamata mkono. "Mjapani wako alisema nini?"

"Jiwe likishawekwa halisogezwi. Nimeshindwa, shemeji. Umenishinda. Katangaze Tukuyu nzima, lakini niachie mkono! Humsikii dada yako?"

Atupele akalia tena, sauti ndogo kama pumzi. Ambakisye akamsikia. Mkono wake ukalegea.

Tweve akakimbia hadi kwenye rundo, akalirudisha jiwe. Atupele akatokea pale pale, amekumbatia tumbo, nguo zake zimelowa umande. Ambakisye akalirudisha lile la kofiani, na bibi akamalizia kikohozi chake, akauliza kwa nini watu wamepauka hivyo.

Likabaki lile la bondeni. Walishuka wakapapasa nyasi na miamba hadi vidole vikatoka damu. Walirudisha mawe mengi meupe, na kila walipoweka moja waliita, "Chaula!" Mlima haukupokea hata moja kuwa ndilo.

Ukungu ulipoondoka waliiona ndoo yake. Ilikuwa katikati ya barabara, imejaa, maji yake yakiwa bado yanacheza. Nyayo za Chaula zilifika pale, hazikuendelea.

Atupele alijifungua salama mtoto wa kiume. Mke wa Chaula alipoletewa ile ndoo na kuelezwa habari ya mawe, hakulia. Alimtazama Tweve, akasema mbele ya watu wote maneno ambayo Ukinga nzima imeyashika tangu siku hiyo: "Ukiokota jiwe la njia, njia nayo itakuokota. Na isipokupata wewe, itamwokota aliyekwenda kukutafutia maji."

Siku hizi watu husema ile nusu ya kwanza tu.