Watatu Walioitoa Mferejini Mkiani

Hapo zamani, na nikisema zamani msianze kumtafuta sungura na fisi, ni zamani hii hii ya juzi, ya simu kwenye kila kiganja na umeme wa kubahatisha, palikuwa na shule katikati ya mji ikiitwa Sekondari ya Mferejini. Upande huu gereji, upande ule baa, nyuma mfereji wa maji machafu ulioipa jina. Mwalimu akifundisha fizikia, gereji inajibu kwa nyundo. Mwalimu akifundisha historia, baa inajibu kwa muziki. Ukutani paliandikwa kwa rangi nyekundu SPEAK ENGLISH ONLY, na chini ya maandishi hayo watoto walisengenyana kwa Kiswahili tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho.

Watoto wa nani? Watoto wa mji. Mtoto wa fundi viatu, mtoto wa mama ntilie, mtoto wa mlinzi anayelinda nyumba ambayo sebule yake hajawahi kuiona. Darasa moja watoto tisini, dawati moja watoto wanne, na yule wa nne anakalia nusu tako.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Mferejini ilikuwa ya mwisho wilayani. Wakubwa walikuja na magari yao, wakaunda kamati, wakanywa soda, wakaandika mkakati, wakaondoka. Mwaka uliofuata: ya mwisho. Wakaja tena, wakaunda kamati ya kuichunguza kamati. Ya mwisho.

Siku moja akaja mtu asiye na kamati. Mzee Kilumanga, muuza vigae, tajiri wa mtaani, naye alisoma hapo hapo Mferejini. Akasimama mbele ya wanafunzi mstarini.

"Mimi nilitoka hapa na ziro," akasema. "Chekeni tu. Ziro safi, haina hata doa. Pesa nimepata, lakini kila nikipita hapa nawasikia watu wanaicheka shule yangu, roho inaniuma. Sasa sikilizeni. Mwaka shule hii itakapotoka mkiani, nitamsomesha mtu mmoja, yule aliyeitoa. Nitamsomesha mpaka aseme mwenyewe, basi mzee, nimeshiba. Mmoja tu. Msije mkaniletea mapacha."

Makofi yakapigwa. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni mkuu wa shule, Mwalimu Mwasandube, kwani alikwisha kuambiwa kwamba mkia mmoja zaidi na yeye atahamishiwa huko ambako hata nzi wanafika wamechoka.

Basi, katika kidato cha nne cha mwaka huo walikuwamo watatu.

Wa kwanza, Eliakunda, msichana. Alihamia Mferejini akiwa kidato cha tatu, kutoka shule ya kulipia yenye basi la njano. Baba yake alipunguzwa kazini, na basi la njano likaacha kusimama mlangoni kwao. Akaja na soksi nyeupe kwenye tope. Wakambatiza Kishua. "Kishua, leo mmekunywa chai na nini? Siagi ilipakwa pande zote mbili?" Aliziba masikio kwa pamba, gereji huku, baa kule, akasoma. Mtu akimfuata, "Eliakunda, nielekeze hapa kidogo," anajibu, "Sorry, muda sina." Kila siku, sorry, muda sina. Alitaka udaktari. Alijua udaktari ni miaka mingi, alijua mkopo wa chuo ni kama bahati nasibu, alijua baba yake hana kitu tena. Hilo alilijua kuliko kemia.

Wa pili, Nyamizi. Aliishi kwa shangazi yake, na mdomo wake ungeweza kumenya viazi. Kichwa kilikuwa chepesi. Walimu walisema, huyu naye ni divisheni wani, labda augue. Lakini kila jioni Nyamizi aliwakusanya wale wa viti vya nyuma, waliopata ziro kwenye moku, ule mtihani wa majaribio, akawafundisha. Huna kitabu? Njoo. Uko kidato cha nne na hujui kugawanya? Njoo, utatukanwa, lakini njoo. "We Shomari, x ni namba, siyo mkweo, mbona unaiinamia?" Walicheka, na katikati ya kicheko wakaelewa. Akirudi kwa shangazi amechoka, vitabu vyake mwenyewe vinamsubiri, vinasubiri, mwisho wote wanalala.

Wa tatu, Mrisho. Golikipa wa shule. Golini hakupitwa na kitu, darasani alipitwa na kila kitu. Moku ya kwanza ziro, moku ya pili ziro. Kwenye diskasheni ya Nyamizi alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuelewa. Swali lilirudiwa kwa ajili yake, likarudiwa tena, na wenzake tisa wakakaa wakitafuna kalamu.

Mtihani ulipokaribia, Nyamizi akamwita kando.

"Mrisho, wewe ni kama kaka yangu, na ndiyo maana nakwambia mimi kabla hawajakwambia wao. Unaturudisha nyuma. Hawa tisa nikiwashika vizuri watavuka. Nikikushika na wewe, tunazama wote. Usije tena."

Mrisho akacheka kidogo. "Sawa, madam." Akachukua daftari lake, akaenda zake.

Kesho yake Mwalimu Mwasandube akasimama mstarini, tai imemkaba, sauti imelainika kama ya mtu anayeuza kiwanja chenye mgogoro.

"Dear candidates. Let me be frank. Ziro moja inaweza kuangusha jasho la wenzako wote. Na kanuni iko wazi, mtu asiyefanya mtihani haingizwi kwenye wastani wa shule. Hapandishi, hashushi. Sasa, mimi sijasema mtu asije. Mnanisikia? Sijasema. Nasema tu, anayejijua, ajitathmini."

Hakutaja jina. Lakini vichwa vyote viligeuka upande mmoja, na upande huo alikuwa amesimama Mrisho, mikono nyuma.

Asubuhi ya mtihani Mrisho alivaa sare iliyopigwa pasi na mama yake. Mama akamwombea dua, akamsindikiza kwa macho mpaka kona. Getini akakutana na Nyamizi.

"Mbona umesimama kama nguzo? Ingia."

"Nakuja."

"Kalamu unayo?"

"Ninazo mbili. Chukua moja, yako najua inavuja."

Nyamizi akaipokea, akaingia. Kengele ikalia. Mrisho hakuingia. Alikwenda gereji, akaketi kwenye tairi bovu mpaka wenzake walipotoka, kisha akarudi nyumbani na wenzake. "Umeonaje?" mama akamuuliza. "Ulikuwa mrefu," akasema. Ikawa hivyo kila siku ya mtihani, na kila siku sare imepigwa pasi.

Matokeo yakatoka. Eliakunda: divisheni wani, A kwa A, kitu ambacho Mferejini haikuwahi kukiona tangu ijengwe. Wale tisa wa Nyamizi: wote wamevuka, hakuna ziro hata moja. Nyamizi mwenyewe: divisheni thrii, thrii ya ukingoni, ile inayokufikisha mlangoni mwa kidato cha tano na kukuacha hapo hapo. Mrisho: hakufanya, na nyumbani hakusema.

Na Mferejini? Ilitoka mkiani. Chupuchupu, ikawa ya pili kutoka mwisho. Facts ni facts. Lakini mngewaona! Walizunguka mtaa mzima na ngoma, mafundi wa gereji wakagonga mabati, baa ikatoa muziki bure. Watu waliozoea kulala chini wakipewa kitanda cha kamba hawaulizi godoro liko wapi.

Mzee Kilumanga akaja. Wazazi wakajaa uwanjani. Akasema, "Ahadi ni deni. Nileteeni aliyeitoa."

Akasimama Eliakunda. "Shikamoo mzee. Aliyeitoa ni mimi. Wastani wa shule ulipanda kwa A zangu. Nilitukanwa, nilichekwa soksi, nilisoma kwenye kelele hizi na pamba masikioni. Sikumwibia mtu, sikumdanganya mtu. Nitoeni mimi, muone."

Mwalimu Mwasandube akatoa kalkuleta mfukoni. Akamtoa Eliakunda, akabonyeza, akabonyeza. Akainua uso. "Tunarudi mkiani."

Watu: "Eeeh!"

Akasimama Nyamizi. "Shikamoo mzee. Huyu alikuja hapa ameshaiva, sisi tulimpakua tu. Hawa tisa walikuwa mbichi. Niliwapika mimi, kwa kuni zangu, na kuni zenyewe zilikuwa divisheni wani yangu. Warudishieni ziro zao za moku, muone."

Kalkuleta ikabonyezwa. "Tunarudi mkiani."

Watu: "Eeeh!"

Mrisho hakusimama. Alikuwa mwisho kabisa, pembeni ya mama yake. Ni wale tisa waliopiga kelele, "Na Mrisho! Na Mrisho!" mpaka akasogea mbele, na mama yake akamfuata nyuma.

"Shikamoo mzee. Mimi sina cha kuonyesha. Mimi sikufanya mtihani."

"Hukufanya?" mama yake akasema. "Mrisho? Zile siku zote nilizokupigia pasi?"

"Nisamehe mama." Halafu akamgeukia mkuu. "Mwalimu, niingize na mimi. Niweke na ziro yangu ya moku, muone."

Mwalimu Mwasandube hakutaka, lakini kalkuleta ilikuwa mkononi. Akabonyeza. Akasema polepole, "Tunarudi mkiani."

Safari hii watu hawakuitikia.

Mzee Kilumanga akamtazama mkuu. "Nani alimwambia asiingie?"

"Mimi? Mzee wangu, mimi nilisema tu ajitathmini."

"Na wewe ulijitathmini?"

Watu wakacheka, mkuu akairudisha kalkuleta mfukoni.

Eliakunda akasema, na sauti yake haikupanda, "Mzee, with respect. Kutofanya kitu siyo kazi. Ingekuwa kazi, basi hata walioacha shule kidato cha kwanza wameinyanyua Mferejini."

"Kweli kabisa, dada," Mrisho akajibu. "Ila wao hawakusimama getini na kalamu mkononi, wakaisikia kengele."

"Na aliyekufukuza ni huyu hapa," Eliakunda akamwonyesha Nyamizi. "Mimi sikumfundisha mtu, sawa. Lakini pia sikumwambia mtu usije tena."

Nyamizi, mwenye mdomo wa kumenya viazi, akageuka. Alipofungua mdomo hakuzungumza na Eliakunda wala na mzee.

"Ungefaulu, mjinga wewe," akamwambia Mrisho. "Lile swali la pili la hisabati lilikuwa ni lile lile, lile tulilolirudia kwa ajili yako mpaka Shomari akasinzia. Na Kiswahili usingekosa. D zako mbili za kuvukia ungezipata. Ungevuka!"

"Labda."

"Siyo labda!"

"Nyamizi, ulinifundisha wewe, na hata wewe uliona sitavuka. Ningeingia, nikakosa, je?"

"Ungekosa wewe!"

"Hapana. Tungekosa wote, na leo mzee asingekuwa hapa, na wewe usingekuwa na cha kudai."

Nyamizi akapangusa uso kwa ncha ya ushungi.

Mzee Kilumanga akamuuliza kila mmoja neno moja. "Nikikuchukua, utafanya nini?"

Eliakunda: "Udaktari. Na sitapoteza hata siku moja yako."

Nyamizi: "Narudia, nipate wani yangu, kisha niwe mwalimu. Bila mtu wa kunilipia, shangazi ameshasema, nikae dukani kwake."

Mrisho: "Nianze tena kidato cha tatu, taratibu, kwa mtu asiyechoka. Nikifeli baada ya hapo, nitajua nimefeli kweli. Saa hizi sijui."

Mzee akakuna kidevu. Wazazi wakaanza kugawana. Wenye watoto wenye akili wakasema, mpe wa A, atakutia heshima, huyo ndiye atakayefika. Wenye watoto wa viti vya nyuma wakasema, mpe mwalimu wao, aliuza chake wakanunua wao. Mama Mrisho alikuwa ameishika kola ya mwanawe, anainyoosha kwa vidole. Mzee mmoja wa gereji akapaza sauti, "Huyo kijana nilimwona akilia kwenye tairi langu siku zote zile! Mwanaume halii hivyo kwa kitu alichokitoa kwa roho safi!" Mwingine akamjibu, "Hapo ndipo penyewe! Kinachotolewa bila kuuma ni sadaka gani?"

Mzee Kilumanga akanyanyua mkono, wakatulia. "Nilisema mmoja," akasema. "Sikujua kama mmoja anaweza kuwa watatu. Lakini uwezo wangu ni wa mmoja."

Akashuka jukwaani, akawaendea pale walipokuwa wamesimama, bega kwa bega, hawatazamani. Akanyoosha mkono wake wa kulia.

Sasa nyinyi mnaonisikiliza, wenye shahada na wasio nazo, waliopata wani na waliopata ile safi isiyo na doa, msiniangalie mimi. Mmoja aliipandisha shule na hakumnyanyua mtu. Mmoja aliwanyanyua tisa na akamwacha mmoja. Mmoja alijitoa, na hakuna atakayejua kama palikuwa na haja. Ukimwondoa yeyote, shule inarudi chini. Mkono wa mzee uko hewani, na mkono ni mmoja.

Ungekuwa wako, ungemshika nani?